Namna ya Kutambua Lenzi Yenye Hitilafu na Kuandaa Vifaa vya Akiba: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Goma

Siku ya harusi moja hapa Goma, picha zote nilizopiga ndani ya kanisa zilitoka vizuri. Tulipofika kando ya Ziwa Kivu saa nane mchana, bibi harusi akiwa ameshika shela lake lisipeperushwe na upepo, kila picha ilitoka nyeupe kama karatasi. Nilishusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nikaongeza kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia), nikabadilisha kadi, nikaanza kuilaumu kamera. Kumbe kamera haikuwa na neno. Kanisani nilifanya kazi kwa f/2.8, yaani diafragma, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikiwa wazi kabisa, kwa hiyo lenzi haikuwa na kazi ya kufunga chochote. Huko nje juani niliitaka ifunge hadi f/8 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), na yale mabamba madogo ya diafragma, yaliyokuwa yamelowa mafuta yaliyovuja kutoka ndani ya lenzi yenyewe, yalijivuta polepole mno, kiasi kwamba shata ilikuwa imekwisha kufunguka na kufungwa kabla hayajafika mahali pake.

Hitilafu ile haikuanza siku ile. Ilikuwa imejificha kwa muda mrefu kwenye kumbi zenye mwanga hafifu, mahali ambapo sisi wapiga picha za sherehe hufungua lenzi yote na kutoifunga tena hadi usiku. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wanaoishi kwa kupiga harusi, mahari, ubatizo na mahafali, wanaofanya kazi kwa kamera moja au mbili, katika mji ambao fundi halisi wa lenzi hapatikani kila mtaa na kifurushi kilichotumwa mbali hakina siku ya uhakika ya kurudi. Hatua zote zinaweza kufanywa nyumbani, bila kifaa chochote cha pekee.

Kwanza, itenge lenzi na kamera

Kosa kubwa ni kuipeleka lenzi kwa fundi kabla ya kuhakikisha kwamba lenzi ndiyo mgonjwa. Chukua lenzi unayoishuku, uifunge kwenye bodi nyingine (kamera yenyewe bila lenzi) ya aina hiyo hiyo. Kisha chukua lenzi nyingine nzima, uifunge kwenye bodi yako. Hitilafu ikihama pamoja na lenzi, umeshapata jibu. Ikibaki na bodi, lenzi haina kosa. Kama huna bodi ya pili, mtembelee mwenzako mwenye kamera inayopokea lenzi zako, maana dakika kumi za kuazimana vifaa hukuokoa na wiki za kusubiri.

Madoa meusi yanayoonekana angani kwenye picha huwasumbua wengi bure. Piga picha ya anga tupu kwa f/16, badilisha lenzi, kisha piga tena. Madoa yakibaki palepale, hilo ni vumbi lililotua kwenye kihisi cha kamera, yaani sehemu inayonasa picha. Vumbi lililo ndani ya lenzi halitoi madoa ya namna hiyo, na chembe chache ndani ya lenzi hazipunguzi ubora kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Usimruhusu mtu afungue lenzi kwa sababu ya chembe tatu za vumbi.

Ukuta wa mawe ya volkano kama kipimo

Goma ina kipimo kizuri cha lenzi ambacho hakuna anayekilipia: ukuta wa mawe meusi ya lava. Mawe hayo yana vitundu na mikwaruzo midogo kila mahali, na hicho ndicho kinachotakiwa, yaani kitu bapa chenye maelezo mengi kuanzia pembe hadi pembe. Weka kamera kwenye tripodi umbali wa mita nne hivi, uitazamishe ukuta moja kwa moja bila kuipinda, fungua diafragma yote, uzime kitulizaji cha mtikisiko, utumie kichelewesho cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera, na upige. Kisha kuza picha kwenye skrini ya kompyuta, ulinganishe pembe zote nne.

Ni kawaida pembe kuwa laini kidogo kuliko katikati wakati diafragma iko wazi. Kisicho cha kawaida ni upande mmoja kuwa na ukungu na wa pili kuwa mkali. Hapo hofu ya kwanza ni kwamba kioo kimojawapo ndani ya lenzi kimehama kutoka mahali pake, jambo linalotokea sana baada ya lenzi kuanguka au kusafirishwa miezi mingi kwenye pikipiki juu ya barabara zetu za mawe. Lakini inawezekana pia kwamba ulisimama mshazari. Ili kujua lipi ni lipi, geuza kamera kichwa chini miguu juu, upige ukuta uleule. Ukungu ukibaki upande uleule wa fremu, yaani kama ulikuwa kushoto mwa picha na bado uko kushoto mwa picha, tatizo liko kwenye lenzi au kwenye pete ya chuma inayoiunganisha na kamera. Ukungu ukihama pamoja na mawe, lenzi ni nzima. Rekebisha tu jinsi unavyosimama.

Kabla ya kukata tamaa, kagua zile skrubu ndogo za pete hiyo nyuma ya lenzi. Mtikisiko wa barabara huzilegeza, na lenzi inayochezacheza kwenye kamera hutoa picha zilezile ambazo ingetoa lenzi iliyovunjika ndani. Zikaze kwa bisibisi inayokaa sawasawa. Lenzi nyingi za Kijapani zina skrubu za msalaba za vipimo vya Kijapani, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huviringa ndani yake na kuzila vichwa.

Diafragma na fokasi

Kipimo cha diafragma ndicho kilichokosekana kwenye maisha yangu kabla ya harusi ile, na sasa nakifanya kila mwezi. Toka nje wakati wa jua kali, weka kamera kwenye hali ya mkono kabisa (M) na ISO 100, kisha upige ukuta uleule mara sita: f/2.8 kwa 1/4000, f/4 kwa 1/2000, f/5.6 kwa 1/1000, f/8 kwa 1/500, f/11 kwa 1/250, na f/16 kwa 1/125. Kila mara unapofunga diafragma hatua moja, mwanga unapungua nusu, na kila mara unapopunguza kasi ya shata hatua moja, mwanga unaongezeka maradufu. Kwa hiyo picha zote sita lazima ziwe na mwangaza uleule. Kama lenzi yako haifunguki hadi f/2.8, anzia pale inapoanzia. Picha zikizidi kuwa nyeupe kadiri unavyofunga, mabamba hayafungi ipasavyo. Rudia f/8 kwa kupiga mfululizo wa haraka, kwa sababu mabamba yenye mafuta kidogo yanaweza kufaulu picha ya kwanza na kushindwa ya tano.

Ukitaka kuyaona kwa macho, kwenye kamera yenye kitufe cha kuonyesha kina cha picha weka f/16, bonyeza kitufe hicho, na umulike tochi kwenye kioo cha mbele. Mabamba mazima ni meusi na makavu. Yenye mafuta hung'aa rangi za upinde wa mvua, kama dimbwi la maji lililodondokewa na mafuta ya gari.

Kuna ugonjwa mwingine wa diafragma ambao hutoa dalili tofauti: kamera inagoma tu pale unapofunga diafragma, na kwenye Canon hutokea ujumbe wa Err 01, unaomaanisha kwamba kamera na lenzi hazisikilizani. Anza kwa kusafisha viguso vya shaba nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu kisafi. Ikiwa lenzi inapiga vizuri diafragma ikiwa wazi lakini inagoma kwa f/8, mara nyingi ule waya bapa unaopeleka umeme kwenye diafragma umechanika kwa kukunjwa kila unapovuta zumu. Lenzi ya namna hiyo bado inaweza kufanya kazi ikiwa wazi, na jambo hilo nitalirudia chini.

Kuhusu fokasi, wenye kamera za kioo cha kutazamia (DSLR) wafanye hivi: piga kitu kimoja mara kumi kwa kutumia kitazamio, kisha mara kumi kwa kutumia skrini ya nyuma. Skrini ikitoa picha kali na kitazamio kikakosea kila mara upande mmoja, mbele au nyuma, kinachotakiwa ni marekebisho kwenye menyu, ikiwa bodi yako inayo. Zote mbili zikitoa ukungu, rudi kwenye ukuta. Kamera zisizo na kioo hicho (mirrorless) hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, hivyo tatizo hili karibu halipo kwao.

Vumbi jeusi na kuvu

Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa na magurudumu, na kila chembe yake ina makali. Mtu anayefuta kioo cha lenzi kwa pindo la shati baada ya safari ya pikipiki anakikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira huku lenzi ikitazama chini, ili chembe zianguke. Fuata kwa brashi laini. Na mwisho kabisa, kama pamebaki alama ya kidole, tia tone la dawa ya kusafishia kwenye kitambaa laini, si kwenye kioo, kisha ufute kwa mduara kutoka katikati kwenda nje. Kichujio cha kinga mbele ya lenzi ni cha lazima kwetu, kwa sababu kubadilisha kichujio ni rahisi na kubadilisha kioo cha mbele sivyo. Mkwaruzo mdogo wa mbele, hata hivyo, usikuondolee usingizi, kwani hauonekani kwenye picha. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio unaoonekana.

Adui mwenye subira ni kuvu. Tunaishi ukingoni mwa ziwa, na katika miezi ya mvua nguo zenyewe huota ukungu kabatini. Mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi huku ukitazama kwa mbele: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zikitandaa kutoka ukingoni mwa kioo, hiyo ni kuvu, na asidi inayoitoa hula rangi ya kinga ya kioo hadi isiweze kurudi tena. Kuvu hupenda unyevu wa hewa unaozidi asilimia 60, giza, na kutoguswa. Kwa hiyo usihifadhi lenzi kwenye mkoba wa ngozi, ambao hunyonya unyevu na kuutunza. Tafuta kasha la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka ndani yake chembe za silika jeli na kipima unyevu kidogo, na uhakikishe kipimo kinakaa kati ya 40 na 50. Silika ikijaa maji, ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo, nayo itafanya kazi tena. Mchele ambao wengi wanashauriana kuutumia siupendi, kwa sababu unga wake ni vumbi jingine. Lenzi iliyokwisha kuota kuvu itengwe na zenzake.

Fundi gani, na kwa kazi gani

Mafundi wetu wa simu wana mikono mizuri, na wengi wao wanaweza kulehemu waya bapa au kubadilisha pete ya nyuma kwa ustadi. Wasichoweza ni kupanga vioo. Vioo vya lenzi hukaa kwa vipimo vidogo mno, na lenzi iliyofunguliwa na kufungwa bila mashine ya kupimia huweza kurudi ikiwa safi kama mpya lakini isipige tena picha kali upande wa kulia. Kwa hiyo: waya, skrubu, viguso na pete, mpe fundi unayemwamini; kioo kilichohama, kuvu ya ndani na injini ya fokasi, ama utume kwa mtaalamu wa lenzi, ama uihesabu lenzi hiyo kuwa imestaafu. Mimi nikiambiwa bei ya kutengeneza inayopita nusu ya bei ya lenzi ileile iliyotumika, sitengenezi. Na mtu yeyote asikushawishi kupulizia mafuta ndani ya lenzi ili kulainisha zumu, maana mafuta hayo yatatambaa hadi kwenye mabamba ya diafragma, nawe utarudi kwenye picha zangu nyeupe za kando ya ziwa.

Kabla ya kuiacha lenzi kwa fundi, andika namba yake ya usajili, ipige picha pande zote, vua kichujio na mifuniko, na umwachie maandishi: tatizo hutokea kwa f gani, na zumu ikiwa kwenye milimita ngapi. Niliwahi kurudishiwa lenzi iliyokosa skrubu mbili, nami sikuwa na picha ya kuthibitisha kwamba nilipoileta zilikuwepo.

Ikiharibika katikati ya sherehe

Jipe dakika moja, si zaidi. Zima kamera, toa lenzi huku mdomo wa bodi ukitazama chini na mgongo wako ukikinga upepo, futa viguso, toa betri na uirudishe, funga lenzi hadi usikie mlio wake. Ikikataa, mtafutie mgonjwa kazi anayoiweza. Diafragma ikigoma kufunga, piga ikiwa wazi: kwenye jua kali f/2.8 kwa ISO 100 na 1/4000 inatosha kabisa, na kivulini ni rahisi zaidi. Fokasi ikifa, geuza pete ya fokasi kwa mkono huku ukikuza picha kwenye skrini. Zumu ikikwama kwenye milimita 35, una lenzi ya milimita 35, tembea. Picha ikirukaruka kwenye kitazamio, zima kitulizaji. Kama hakuna kinachowezekana, iweke mfukoni na uchukue ya akiba, bila kufungua maabara mbele ya wazazi wa bwana harusi.

Vifaa vya akiba ni vipi hasa

Kifaa cha akiba ni kile kinachoweza kumaliza kazi peke yake. Kamera ya zamani iliyolala kabatini bila betri yenye chaji, au lenzi ambayo haijafungwa kwenye kamera tangu mwaka jana, si akiba. Ndiyo maana nawashauri vijana wanunue bodi mbili za kati zinazotumia lenzi na betri zilezile badala ya bodi moja ya bei ya juu, ingawa najua ushauri huu hauwafurahishi.

Kwa upande wa lenzi, watu hukimbilia 50mm f/1.8, kwa kuwa ni ya bei nafuu na hung'aa kwenye giza. Ni lenzi nzuri, lakini fikiri ilipo kamera yako. Kwenye bodi yenye kihisi kidogo cha APS-C, hiyo 50mm inatazama kama 75mm au 80mm, na kwenye sebule ya mtaa wa Mabanga yenye shangazi, wajomba na watoto ishirini, utagonga ukuta kwa mgongo kabla hujawaingiza wote. Kwa bodi hizo 35mm inafaa zaidi. Wala usiidharau ile 18-55mm iliyokuja na kamera: ukiipa flashi, inaweza kumaliza harusi nzima, kuanzia kanisa hadi keki. Fanya jaribio moja la kweli: shughuli ya ndugu ambaye hakulipi, ipige yote kwa vifaa vya akiba pekee. Utakachokikosa siku hiyo ndicho cha kununua kwanza.

Siku ya kazi, akiba isikae kwenye mkoba uleule. Ukipanda pikipiki kutoka Ndosho kwenda mjini na mkoba ukaanguka, kamera zote mbili zimeanguka pamoja. Moja nabeba kifuani mwangu, nyingine anabeba msaidizi wangu, na lenzi ndefu haisafiri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Betri nazichaji siku mbili kabla, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi hakuna wa kumlalamikia. Kila bodi ina betri tatu, na flashi ina seti mbili za betri nne za AA. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iandike picha kwenye zote mbili kwa pamoja.

Mwenzangu mmoja wa Katindo anatumia lenzi zinazoingiliana na zangu, nasi tuna karatasi tuliyoisaini wote wawili. Imeandikwa kila mmoja anaweza kuazima nini, kwa muda gani wa taarifa, na nani analipa kikianguka. Tuliiandika tukiwa bado marafiki wazuri, kabla ya kitu chochote kuvunjika.

Kadi haifutwi hadi picha ziwe mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski nyingine iliyo nje ya nyumba. Mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na watu walipoamriwa kuondoka sehemu kubwa ya mji siku tano baadaye, tuliondoka na watoto na magodoro, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi, na hakukuwa na aliyekuwa na mkono wa kubeba kompyuta. Tangu wakati huo nakala yangu ya tatu inakaa kwa dada yangu Bukavu, na kila mara mtu ninayemwamini anaposafiri kwa meli, huenda na diski yenye picha mpya na kurudi na ile ya zamani.